Eda ya Gari la Akida

Gari lenyewe lilikuwa zuri la kumkosesha mtu adabu. Kozi Tisa, milango miwili, jekundu la pilipili iliyoiva, limekaa chini kiasi kwamba kuku wa pale yadini wangelazimika kuinama kupita uvunguni. Bwana Twalibu, mwenye yadi hiyo ya magari pale Mombo, alikuwa ameliweka peke yake chini ya turubai, mbali na magari mengine, na daktari Tumsifu Mfinanga, mng'oa meno wa Lushoto, alikuwa amelizunguka mara tano na bado hajashiba.

"Daktari, litachakaa kwa macho," Twalibu alimwambia. "Ingia ndani uliwashe."

"Siliwashi wala silipii mpaka lipekuliwe. Nimemwita dada Mwajabu."

Hapo Twalibu alicheka kwa raha, maana katika wapekuzi wote wa magari wa Mombo na Korogwe, Mwajabu Semkiwa ndiye aliyekuwa anamwombea aje. Gari lilikuwa la marehemu Akida Shekalaghe wa Soni. Akida Msambaa, Mwajabu Mzigua. Watani hao, tena watani wa kuzikana, na Mwajabu mwenyewe alikuwepo msibani. Nani angelijua gari hili kumshinda yeye?

Mwajabu alifika saa tatu asubuhi na mkoba wake begani, mama wa miaka arobaini na sita, mwembamba, mwenye mdomo usiojua likizo. Alimpa Twalibu shikamoo yake, akamshika Tumsifu mkono, kisha akasimama mbele ya lile gari akatikisa kichwa.

"Mungu amrehemu," alisema. "Msambaa pekee niliyemjua aliyekuwa anaoga bila kusubiri jua litoke."

Tumsifu alicheka, halafu akajuta kucheka. "Alifia ndani ya gari, dada?"

"Alifia ndani. Lakini gari halina kosa, mdogo wangu. Moyo ulimsimama akiwa anashuka, pale Kona ya Jiwe Jeupe. Watengeneza barabara walikuwa wamemwaga kifusi cha kokoto pembeni, gari likajichomeka humo taratibu. Hata rangi haikuchubuka. Tulimkuta amekaa kama anayesikiliza redio."

Sasa, kwa ambaye hakuishi miaka ile, lazima nieleze, la sivyo utaona watu hawa walikuwa wakiogopa chuma. Magari ya namna ya Kozi yalikuwa hayaendeshwi na mtu peke yake. Chini ya kiti cha dereva kuna kisanduku, kadiri ya sanduku la viatu, na kazi yake ni kukusoma. Unaingiaje kwenye kona, unakanyagaje breki, ukishtuka unakimbilia wapi. Baada ya miezi sita kinakuwa kimeushika mkono wako, nawe unabaki kukusudia tu, gari linamalizia. Usukani wenyewe ulikuwa haujaungana na magurudumu kwa chuma chochote. Kila unachofanya kinapita kwanza kwenye kisanduku, nacho ndicho kinachoamua magurudumu yaambiwe nini.

Raha tupu, mpaka mwenye gari afe. Maana mkono wake unabaki. Ndipo sheria ikaja: mtu wa nyumba ya marehemu asimame karibu na gari, alitajie jina, alitamkie kwamba fulani hayupo tena. Kisha lifungiwe siku arobaini, kisanduku kikisahau kidogo kidogo. Kwenye karatasi za serikali ziliitwa siku za kusahau. Watu wakaziita eda, na jina likashika.

Mwajabu alisoma karatasi ya Twalibu. Siku arobaini na tatu. Akachomeka kisomeo chake, kibao cheusi kadiri ya ubao wa kukatia vitunguu, akasubiri. Maandishi yalipotokea akakunja uso.

*Mkono: hai. Siku za eda: sifuri.*

"Kuna nini?" Tumsifu aliuliza haraka.

"Kisomeo hiki. Tangu kiloe mvua ya juzi kinanizingua." Akakipiga makofi mawili mgongoni. Maandishi yakabaki vilevile. "Haiwezekani. Baba yake mdogo alilitamkia gari asubuhi ya mazishi, mimi nimesimama pale pale, nimesikia kwa masikio yangu. Panda, daktari. Twende barabarani, mkono nitausikia mwenyewe."

Kazi ya mpekuzi ilimtaka asimame hapo hapo. Kisomeo kikisema mkono uko hai, gari haliwashwi, basi. Mwajabu alilijua hilo, alikuwa anawafundisha wengine. Lakini alikuwa ameona kwa macho yake, na mtu aliyeona kwa macho yake ni mgumu sana kuambiwa na kibao.

Wakaanza kupanda mlima kuelekea Soni. Wee, gari lilipanda! Kila kona lilikuwa linaingia kabla Mwajabu hajaitaka, laini, bila kuyumba, na Tumsifu pale pembeni akawa anatabasamu mwenyewe. Mwajabu hakutabasamu. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimeanza kuulalia usukani kwa chini, na hivyo sivyo yeye anavyoshika. Alikuwa anashikishwa.

"Dada, hili ndilo langu," Tumsifu alisema. "Ijumaa kazini nikitoka, mpaka Same kwa mama yangu. Jumamosi namchukua nampeleka kanisani kwao, wamwone. Miaka sita nimeingoja siku hiyo."

Mwajabu alikuwa anavitazama vidole vyake. Walipofika Soni aligeuza, wakaanza kushuka.

Kona ya Jiwe Jeupe inakujia ghafla. Kulia kwako ukuta wa mlima, kushoto bonde, na chini huko paa za nyumba zinang'aa. Mwajabu alikata usukani. Usukani ukazunguka mwepesi, haukushika kitu. Alikanyaga breki, mguu ukazama kama ndani ya mto wa sufi. Gari lilikuwa limeachia. Halikuharibika wala halikuteleza, liliachia tu, kwa utulivu, na likaenda moja kwa moja kule ambako siku ya Akida kulikuwa na kifusi. Kokoto zile zilikuwa zimeshatandazwa barabarani mwezi mzima uliopita. Pembeni palikuwa peupe.

Tumsifu alipiga yowe la jina la Yesu. Mwajabu alishika breki ya mkono kwa mikono yote miwili, kitu pekee ndani ya gari lile ambacho sheria iliamuru kifungwe kwa waya, akaivuta mpaka bega likalia. Gari likazunguka, likasimama. Tairi moja ya mbele ilikuwa inaning'inia hewani, bado inazunguka.

Wakatulia. Halafu usukani ukarudisha uzito wake, na Kozi likajirudisha nyuma lenyewe hadi barabarani, taratibu, kama mtu aliyesinzia kidogo na sasa yuko macho.

"Ni sekunde mbili," Mwajabu alisema kwa sauti isiyo yake. "Limeachia sekunde mbili tu."

Tumsifu alifungua mlango akatapika.

Walirudi Mombo gari likivutwa na lori la kabichi, pua yake imepandishwa juu ya lori, swichi imezimwa. Tumsifu alikaa kibarazani na chupa ya maji mikononi bila kunywa. Mwajabu na Twalibu waliingia chini ya turubai, na safari hii Mwajabu hakukipiga kisomeo makofi. Alikiambia kifungue kila kitu tangu siku ya kifo.

Kisanduku kilikuwa hakitunzi sauti za watu ovyo. Kilitunza ya mwenye gari tu. Tarehe ya kifo ilikuwepo, pamoja na mikono iliyolegea pale konani. Kesho yake, saa mbili asubuhi, tangazo la baba mdogo: limepokelewa, eda imeanza. Na siku hiyo hiyo, saa nane mchana, ilikuwepo sauti.

Mluzi kwanza. Mlango ukabamizwa kwa kisigino. Kisha: "Haya, kipenzi, nimerudi! Wanasema nimekufa, unasikia umbea huo? Hebu waoneshe kama maiti inapiga resi!" Injini ikanguruma, na nyuma yake vicheko vya watu, vigelegele, na mwanamke mmoja akicheka kuliko wote huku analia.

Twalibu alirudi nyuma hatua mbili. "Lahaula. Si alikuwa ameshazikwa?"

"Tulimzika saa sita."

"Basi huyu ni nani? Hii ni sauti ya Akida, Bi Mwajabu, mimi nimefanya naye biashara miaka!"

Mwajabu alikuwa amekaa chini, kwenye vumbi, bila kujali kanga yake.

"Huyu ni mimi," alisema.

Unajua mtani anavyofanya msibani. Maiti ikishazikwa, watu wamekaa wamejikunyata, yeye ndiye mwenye ruhusa ya kumwigiza marehemu na kuwachekesha. Mwajabu alichukua koti la Akida na kofia yake, akatembea kama Akida, akaomba chai kama Akida, akawakopa wazee ugoro kama Akida. Watu wakaanza kupumua. Mama yake Akida, aliyekuwa hajatia kitu kinywani tangu Jumanne, akacheka. Na Mwajabu alipoona amecheka, akaona haitoshi, akaingia kwenye gari akazunguka nalo uwanja mzima. Mtu mwingine angefanya hivyo kisanduku kisingedanganyika. Lakini huyu alikuwa mpekuzi. Mkono wa Akida alikuwa ameusoma kila mwaka kwa miaka minane. Alijua vidole viwili vinalala wapi, alijua jinsi anavyoegemea mlango, anavyovuta pumzi kabla ya gia. Kisanduku hakitambui sura. Kinatambua mazoea, na mazoea yote alikipa.

Akasoma mstari uliofuata, akausoma tena kwa kidole.

*Kona ya Jiwe Jeupe: mwenye gari aliachia sekunde mbili. Mwenye gari amerudi salama. Njia imekubaliwa.*

Kumbe ndivyo kilivyofikiri. Kama Akida asingerudi, kile kilichotokea konani kingehesabiwa ajali na kufutwa. Lakini Akida alirudi, tena anapiga mluzi. Basi kona ile ndivyo inavyopitwa.

Twalibu alichuchumaa karibu yake. Hakuwa mtu mbaya, na alisema kwa upole. "Bi Mwajabu. Sauti hii tumeisikia wewe na mimi. Daktari yuko kule nje. Andika kisomeo kililoa, tuanze eda upya, gari likae siku arobaini za kweli, nani ameumia? Ukiandika hilo jingine wanakunyang'anya muhuri wa upekuzi. Utakula nini?"

Mwajabu alimsikiliza, na nisikufiche, alishawishika. Muhuri ule aliupata akiwa mjane mwenye watoto watatu mgongoni. Nani ameumia? Kweli, nani? Eda mpya ingefuta kila kitu na Tumsifu angelipata gari lake likiwa safi.

Halafu akaanza kukumbuka. Msiba wa Handeni, wa yule mwalimu, aliingia kwenye gari la mwalimu akapiga honi yake. Msiba wa Muheza. Msiba wa Magoma, ndugu wawili, magari mawili, na watu walimbeba juu kwa jinsi alivyowapatia. Magari manne. Yote yalikuwa yameuzwa kwa karatasi tu bila kupekuliwa, yako barabarani, yanaendeshwa na watu asiowajua, na kila moja lilikuwa na kona yake lilipofunzwa kwamba mwenyewe alirudi salama.

"Mwalimu alisinzia," alisema kwa sauti ndogo. "Kwenye daraja."

"Mwalimu gani?"

Mwajabu aliinuka. Alitoka hadi kibarazani akasimama mbele ya Tumsifu. "Daktari, gari hili lina mkono wa maiti, na aliyeuweka hai ni mimi. Nilimwigiza msibani. Naandika hivyo, naweka jina langu, na kuna mengine manne naandika. Ulikuwa karibu kufa asubuhi hii kwa utani wangu."

Tumsifu aliiweka chupa chini. Alikuwa Mpare, na Wapare nao wana watani wao, alijua kinachofanyika misibani. "Ungeninyamazia, nisingejua," alisema.

"Ndiyo."

"Mengine manne yako wapi?"

"Sijui. Ndiyo maana naandika."

Aliandika kwenye kisomeo kile kile, akabonyeza, na katika muda wa kumeza mate taarifa ikafika Dodoma. Muhuri wake ulizimika kwenye kioo mbele ya macho yake. Haikuchukua hata dakika. Wale waliozoea kusubiri barua ya serikali miezi sita wangeshangaa.

Lilibaki gari. Tamko likishavunjwa, sheria haikubali tena baba mdogo, inataka mzazi. Kisanduku chenye mkono hai haking'olewi wala hakifutwi kwa nguvu, sheria ilikilinda kama inavyomlinda mtu. Mama Akida aliitwa kutoka Soni, akafika saa tisa, mnene, mfupi, na mtandio wa msiba kichwani. Alipovuka geti, Kozi liliwasha taa zake mara mbili. Ndivyo Akida alivyokuwa akimsalimia mama yake akimwona njiani.

Mama alisimama. Mkono wake ukaenda kifuani. "Yuko humo?" aliuliza.

"Hayuko, mama," Mwajabu alisema. Akamweleza yote, hakupunguza. Konani, sekunde mbili, daktari wa watu nusura aende bondeni. Koti, kofia, mluzi.

Mama Akida alisikiliza mpaka mwisho. "Nilicheka siku ile," alisema.

"Ulicheka, mama."

"Nililala usiku ule kwa sababu nilicheka." Alilisogelea gari, akaweka kiganja juu ya paa, akasema kwa sauti ya wazi kabisa, "Akida mwanangu hayupo tena. Mimi ndiye mama yake."

Kisanduku kilijibu kwa ile sauti ya kiungwana iliyowekwa kwenye visanduku vyote. "Mama wa Akida amesema Akida hayupo. Akida amesema yupo. Nangoja Akida athibitishe."

Twalibu aliinama. Tumsifu alishika mdomo. Mwajabu hakuthubutu kumtazama mtu, maana alikuwa ameshaelewa, na alijua wote wanaelewa.

"Siwezi," alisema. "Mama, mbele yako siwezi."

"Mbele ya watu mia mbili uliweza," Mama Akida alisema. "Ingia."

Akaingia. Hapakuwa na koti wala kofia. Aliubamiza mlango kwa kisigino, akaegemea, akalaza vidole viwili chini ya usukani. Mluzi ulikataa mara mbili, midomo imekauka. Mara ya tatu ukatoka. Taa za ndani zikawaka zote, na kiti kikamsogelea kwa furaha.

"Kipenzi," alisema, na sauti ilikuwa ya Akida, na pale nje mama yake akafumba macho. "Nisikilize. Wamenizika Soni, chini ya mgomba wa baba. Pale konani sikupita. Nilikufa pale. Nilikudanganya, sikurudi. Usiachie tena konani, umesikia? Na usiningoje."

"Akida hayupo?" kisanduku kiliuliza.

"Hayupo."

"Nani anaendesha?"

Mwajabu aliviondoa vidole usukanini.

"Mjibu," Mama Akida alisema dirishani, macho bado yamefumbwa.

"Hakuna," Mwajabu alisema.

Taa zilizimika moja baada ya nyingine, za ndani, za mbele, hadi ile ndogo ya saa. "Siku ya kwanza," kisanduku kikasema, kikanyamaza.

Alipotoka, alibaki ameushika mlango. Alitaka kusema kitu, chochote, na kwa mazoea ya miaka ishirini kilichomjia ulimini kilikuwa matusi. Ndiyo iliyokuwa salamu yao, yeye na mama huyu: mmoja akimwita mwenzake mchawi, mwenzake akimwita mwizi wa kuku, kisha wanakumbatiana. Hata siku ya kumzika Akida walianza hivyo.

Mama Akida aliinua kiganja kumzuia kabla hajaanza. Alikuwa amefumbua macho, na machozi yalikuwa yanateremka bila yeye kuyafuta.

"Umempatia," alisema. "Hata lile neno la kipenzi, ndivyo alivyokuwa akilivuta. Sasa basi, Mwajabu. Kuanzia leo nisalimie kama wanavyonisalimia watu wengine."

Mwajabu alitikisa kichwa kama mtoto. "Mama, utani hauachwi. Tumezaliwa nao."

"Nisalimie."

Twalibu alikuwa ametazama pembeni. Barabarani lori lilipita, likaacha vumbi, na Tumsifu akasogea akasimama nyuma ya Mwajabu, karibu, asije akaanguka.

"Shikamoo, mama," Mwajabu alisema.

"Marahaba," Mama Akida alijibu. Akajifunga mtandio wake vizuri, akatoka getini kwenda kutafuta usafiri wa kurudi Soni.